Kidole cha Mzee Gemu

Kifurushi kilipofika, Fundi Pazia hakukifungua hapo hapo. Alikiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akakizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, halafu akaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo. Hakutaka mteja aingie amkute analia, na kulia alijua atalia tu. Ndani mkiwa na mashine, atalia. Ndani mkiwa na tofali, atalia zaidi.

Na tofali lilikuwa linawezekana kabisa. Pale mtaani kila mtu ana ndugu aliyepigwa changa la macho mtandaoni: aliyeagiza simu akaletewa kipande cha sabuni, aliyeagiza viatu akaletewa vya mguu wa kushoto vyote viwili. Yeye siku zote alikuwa mstari wa mbele kuwacheka. Sasa amenunua mashine ndogo ya gemu za zamani, iliyotumika na kukarabatiwa, kwa mtu asiyemjua sura, kwenye duka lisilo na mlango wala kibao, kwa kutegemea picha zilizopigwa juu ya kitanda chenye shuka la maua. Angesikia ni mwenzake aliyefanya hivyo, angecheka mpaka mbavu zimuume. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Baba yake alikuwa amepatwa na kiharusi. Mguu ulirudi taratibu, mdomo ukanyooka, maneno yakarejea yote, hata yale ambayo familia ingeshukuru yakipotea. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulilala mapajani umejikunja, na mzee akaufunika taulo dogo mchana kutwa, kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie mara moja. Ukiligusa lile taulo, umetafuta ugomvi.

Kule hospitali, mama wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kuminya na pegi za nguo za kubana na kubandua. Mzee aliutazama mpira kama mtu aliyetukaniwa wazazi.

"Nimelea watoto wa mtaa mzima mimi," alisema. "Leo nipewe mpira wa mtoto anayeota meno?"

Mpira ukaishia uvunguni. Pegi zikarudi kwenye kamba ya nguo. Kila alipokumbushwa mazoezi hakukosa sababu: leo baridi, leo mgongo, leo mkono umelala, mwacheni mwenzenu apumzike. Akiambiwa twende kliniki, anakwenda, anakaa, anaitikia kila kitu kwa adabu kama mwanafunzi wa kuigwa, na akirudi nyumbani taulo linarudi mahali pake.

Ndipo siku moja mama wa mazoezi akamvuta Fundi Pazia, binti yake, pembeni, kwenye korido, karibu na mizani.

"Mwanangu, nikwambie ukweli?"

"Niambie, mama."

"Mkono wa baba haujafa. Lakini vidole visipopewa kazi sasa hivi, viungo vitakakamaa, na vikishakakamaa mimi sina tena cha kufanya. Atabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Mpira hautaki, sawa. Mtafutie kitu anachokitaka yeye mwenyewe. Nitashukuru hata kama ni kuua mbu."

Fundi Pazia alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo njia nzima. Alikuwa mtoto wa pekee, mama yake ameshatangulia, na nyumba nzima ilikuwa yeye, mzee na cherehani. Kitu anachokitaka baba. Hapo hakuhitaji kuumiza kichwa, kwa sababu mtaa mzima, mpaka wazee wenzake, wanamwita Mzee Gemu.

Chumba kile cha mbele ambacho leo kimejaa majora ya vitambaa, fimbo na ndoano za mapazia, zamani kilikuwa chumba chake cha gemu. Televisheni zenye visogo vikubwa, mabenchi, mashine zimefungwa minyororo kana kwamba zinang'ata, na watoto wamebanana jasho linawatiririka. Mzee alitawala humo akiwa juu ya kiti kirefu, na alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Mtoto akishindwa gemu hasemi ameshindwa. Anasema padi mbovu, yaani kile kishikio chenye vitufe vya kuchezea. Sasa kwa Mzee Gemu, ukilalamika unamkabidhi padi, naye anabonyeza mbele ya watu wote. Kitufe kikigoma, unacheza bure. Kikifanya kazi, unarudi mwisho wa foleni, na chumba kizima kinakuzomea mpaka unatamani ardhi ipasuke. Binti yake alizomewa humo mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote. Baba hakuwa na cha huyu wangu wala yule wa jirani.

Kisha simu zikaja na gemu zake, watoto wakahamia viganjani. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu. Mzee alikaa kwenye kiti chake kirefu akiwa hana wa kumtawala, halafu akampisha binti na cherehani yake, na hakulizungumzia tena jambo hilo.

Mashine za aina ile huzipati dukani siku hizi. Mtandaoni ndiko alikoikuta hii: ndogo kama sanduku la chaki, gemu zile zile zimo ndani yake, ina padi mbili za waya, na inachomekwa kwenye televisheni ya kisasa bila matata. Maelezo yalisema imefunguliwa, imesafishwa, imebadilishwa raba za vitufe na imejaribiwa. Muuzaji alikuwa mwanamke, na kwenye ujumbe alikuwa mkavu kama mkate wa juzi.

"Dada, una wiki ya kujaribu. Ukikuta kasoro, nitumie video inayoonyesha kasoro yenyewe, namtuma mtu wa vifurushi anakuja kuichukua. Bila video tusisumbuane. Nimeshachoshwa na watu wanaosema mbovu kumbe nzima."

Fundi Pazia alimjibu kwamba yeye si mtu wa hivyo. Aliandika haraka haraka, tena kwa moyo mweupe.

Basi akachukua mkasi, akakata utepe, akafumbua boksi. Halikuwa tofali. Ilikuwa mashine ya kijivu, safi, na padi mbili ambazo nyaya zake zilikuwa zimeviringishwa kwa uangalifu na mtu anayejali kazi yake. Akalia kama alivyojiahidi, akajifuta kwa kipande cha kitambaa, akaenda sebuleni.

Mzee alikuwa anatazama taarifa ya habari na kubishana nayo. Binti hakumwambia kitu. Alipita, akachomeka waya nyuma ya televisheni, mtangazaji akakatika katikati ya sentensi. Mzee alifungua kinywa kufoka. Hapo muziki ukaanza, ule wa vifilimbi unaozunguka zunguka bila kwisha, na kinywa kikabaki wazi.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimenunua, baba."

"Wapi? Hizi haziuzwi tena."

"Mtandaoni."

"Umepigwa," mzee alisema, lakini tayari alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Lete hapa tuone umepigwa kiasi gani."

Alipoletewa padi, alifanya jambo ambalo hakuna daktari wala ndugu aliyeweza kumfanyisha. Alilitoa taulo mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia, akaupachika kwenye padi kidole kimoja kimoja, akaweka kidole gumba juu ya kitufe chekundu. Binti alisimama pale na waya mkononi, roho juu, akiogopa hata kukohoa.

Kwenye kioo alitokea jamaa mdogo mwenye ndoo kichwani. Kazi yake ni kukimbia na kuruka mashimo. Kidole cha kushoto kinamkimbiza, cha kulia kinamrusha. Mzee akamkimbiza vizuri, kwa mwendo wa mtu anayeijua njia ya nyumbani kwao. Jamaa akafika kwenye shimo la kwanza, akaingia na ndoo yake.

Mzee akaanza upya. Akaingia tena. Akaanza upya. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na macho yameganda kwenye kioo.

"Kitufe hiki kibovu," alisema.

Binti alichomeka padi ya pili. Shimo ni lile lile.

"Zote mbili! Raba zimekwisha hizi. Nilikwambia umepigwa." Akaziweka kando, akachukua mkongojo wake, akaelekea chooni akisonya.

Alipopotea kwenye korido, Fundi Pazia aliiokota padi ya kwanza, akabonyeza kitufe chekundu. Jamaa mwenye ndoo akaruka. Akabonyeza tena, akaruka tena, kwa raha zake. Akajaribu ya pili, mambo ni yale yale. Padi zote zilikuwa nzima. Akaziweka chini kama alivyozikuta, kwa pembe zile zile, kama mwizi.

Mzee alirudi uso umelowa maji.

"Umezijaribu?"

"Nimezijaribu."

"Ehe?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Sheria ya nyumba aliijua tangu hajui kusoma. Lakini sheria ile ilikuwa ya watoto wenye vidole vizima, na aliyesimama mbele yake alikuwa baba yake, maji yanamdondoka kidevuni, mkono wa kulia unaning'inia nje ya taulo kwa mara ya kwanza tangu augue. Akimwambia kitufe kizima, taulo linarudi, na halitatoka tena.

"Mbovu, baba," alisema. "Zote."

Mimi simlaumu kwa uongo huo. Ninachomlaumu ni kwamba hakuona unakokwenda, kwa sababu uongo ule ulimfufua mzee. Kwanza alimtukana muuzaji kwa ustadi wa hali ya juu. Kisha akaeleza jinsi raba za vitufe zinavyochoka, jinsi matapeli wanavyozifuta vumbi wakaziita mpya, na jinsi yeye enzi zake angezitambua akiwa amefumba macho. Alikula vizuri. Aliomba apunguziwe nywele. Binti alikuwa hajamsikia akiongea kiasi kile tangu hospitali, akawa anaitikia tu, "Ni kweli baba, wezi wakubwa," na kila alipoitikia alijisikia vibaya zaidi kwa ajili ya yule mwanamke wa nyaya zilizoviringishwa vizuri.

Kesho yake asubuhi mzee alikuwa ameshakaa mbele ya televisheni.

"Huyo mwizi wako anasemaje? Anarudishaje mali ya watu?"

"Anataka... anataka video, baba. Inayoonyesha kasoro. Lakini tunaweza kuachana naye tu, si lazima..."

"Kuachana naye? Anataka video? Apewe video! Lete simu."

Fundi Pazia alitafuta visingizio. Simu haina chaji. Mzee akamwonyesha soketi. Ana mapazia ya watu. Mapazia hayakimbii. Hakuwa na pa kutokea, akapiga video. Mzee alipanga mkono wake kwenye padi, akaketi wima kama anapigwa picha ya pasipoti, akamkimbiza jamaa mwenye ndoo mpaka shimoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akitoa maelezo kwa sauti ya shahidi mahakamani: "Unaona? Nabonyeza. Nimebonyeza. Hakuna kitu." Binti aliishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa anatazama lile shimo kwenye televisheni na kuomba jamaa asiendelee kuingia.

"Tuma."

"Nitatuma baadaye, baba, mtandao..."

"Tuma sasa hivi nikiona."

Akatuma. Mzee akahakikisha kwa macho yake imekwenda.

Mpango wa binti ulikuwa kukimbilia chumba cha kazi na kumpigia yule mwanamke, amweleze, amwombe msamaha, amsihi anyamaze. Lakini mlangoni alikuwa ameshasimama mwenye nyumba ya wageni, mteja mkubwa, amekuja kuchukua mapazia yake, na huyo si mtu wa kuambiwa subiri. Fundi Pazia akapanda kwenye kigoda, akalining'iniza pazia kwenye fimbo ili mteja aone linavyokaa. Pini zilikuwa zimejaa mdomoni na kitambaa kimemjaa mikononi simu ilipoita mezani. Akaibonyeza kwa kiwiko, na kwa kuwa kazini siku zote huiweka kwenye spika, spika ikawaka.

"Dada, mimi ni yule wa mashine," sauti ikasema, kubwa, chumba kizima. "Nimeiangalia video yako vizuri. Niwe mkweli, kitufe hakina tatizo. Tatizo ni kidole. Kinasogea, kinaishia njiani, hakifiki kwenye kitufe. Huyo mzee ni mgonjwa? Sasa kwa nini uniambie padi mbovu?"

Fundi Pazia alitema pini, akaruka kutoka kwenye kigoda, pazia likamfunika kichwa. Alipojifunua, mwenye nyumba ya wageni alikuwa anachunguza dari kwa bidii isiyo ya kawaida. Na kwenye mlango wa ndani, mkongojo mkononi, alikuwa amesimama Mzee Gemu.

"Ulijua?" mzee aliuliza.

"Baba..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Kikafanya kazi."

"Kikafanya kazi, baba."

Angefoka ingekuwa nafuu. Alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

"Mimi jana nilijiona mtu. Nimemtukana mwanamke wa watu bure, nimejianika kwenye video, najiona mtu. Kumbe mwanangu ananibembeleza kama mtoto."

"Sikutaka uumie."

"Haya. Sijaumia." Akageukia simu iliyokuwa mezani. "Mama, upo?"

"Nipo, mzee," sauti ikajibu, safari hii kwa unyenyekevu.

"Samahani kwa usumbufu. Tuma mtu wako aje achukue kitu chako."

Akarudi chumbani kwake. Mkongojo ulisikika mpaka mwisho wa korido, kisha mlango ukafungwa. Mwenye nyumba ya wageni alisema mapazia ni mazuri sana, akayabeba hata kabla hayajapigwa pasi, akaondoka.

Fundi Pazia alichomoa nyaya. Alimwandikia yule mwanamke ujumbe mrefu wa kumwomba radhi na kumweleza ya kiharusi, akajibiwa kwa kifupi: "Pole sana dada. Ungeniambia mwanzo." Akaviringisha waya wa padi ya kwanza, akaviringisha wa pili. Maneno ya mama wa mazoezi yalikuwa yanamrudia: vikishakakamaa, sina tena cha kufanya. Alimpelekea baba chai, mlango haukufunguliwa. Alimwita kwa chakula, akajibiwa, "Nimeshiba." Kupitia tundu la kitasa alimwona amekaa kitandani, uso ukutani, taulo juu ya mkono, na juu ya taulo ameongeza blanketi.

Alikaa sakafuni kwenye korido, nje ya mlango ule, akamwambia baba yake mambo yote kupitia mbao. Kwamba mama wa hospitali alisema muda unakwisha. Kwamba mashine ilikuwa kwa ajili ya mkono, si kwa ajili ya kumfurahisha. Kwamba aliogopa, na bado anaogopa, na kwamba uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Hakujua kama anasikilizwa au mzee amelala.

Mtu wa vifurushi alikuja mchana, helmeti kichwani, mwepesi wa maneno kama wenzake wote.

"Mama mapazia! Nimeambiwa kuna mzigo unarudi kwao. Umekukosea nini?"

"Haujanikosea," alisema Fundi Pazia, akamkabidhi boksi. Lilikuwa jepesi, lakini kuliachia ilimwia vigumu, na yule mtu alilazimika kulivuta kidogo.

"Ngoja," sauti ikasema nyuma yao.

Mzee alikuwa amesimama kwenye korido, kifungo kimoja cha shati kimeruka, nywele zimesimama upande mmoja.

"Hiyo video unayo bado?"

"Video gani, baba?"

"Kwani umepiga video ngapi? Nionyeshe."

"Baba, ya nini sasa? Imekwisha. Tusijitese."

"Huyo mwanamke kasema kidole kinasogea. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nionyeshe."

Fundi Pazia alijaribu kukumbuka. Ndiyo, alisema hivyo. Lakini yeye alikuwa ameshikwa na fedheha na pini mdomoni, akasikia lile baya tu. Akaifungua video, akamshikia baba yake simu. Mtu wa vifurushi, ambaye hakuna aliyemwalika, naye akachungulia begani.

Kwenye video mzee alikuwa amekaa wima. "Unaona? Nabonyeza," ilisema sauti yake. Mzee mwenyewe alitazama kwa taya lililobana, na binti aliona aibu ikimpanda usoni, kwa kuwa kidole kwenye picha kilionekana kimelala tu, kimekufa kabisa. Alitaka kuizima. Mzee akamshika mkono.

"Tena. Kikuze kidole."

Akakikuza, picha ikajaa kidole gumba na kitufe chekundu. Wakangoja. "Nabonyeza," ikasema sauti. Na hapo, juu ya kitufe, kiungo cha kidole kikainama. Kikashuka kidogo, kidogo sana, kikatetemeka, kikasimama kabla ya kugusa.

"Hicho!" mtu wa vifurushi alipiga kelele. "Kimekwenda! Mmeona?"

Mzee aliirudisha nyuma kwa kidole cha kushoto, akaitazama tena, halafu tena. Kila "nabonyeza" kidole kilikuwa kinashuka na kuishia pale pale.

"Mimi nilikuwa naangalia televisheni," alisema mwishowe.

"Mimi pia, baba."

"Muda wote nilidhani nakibonyeza. Halafu leo nikadhani hakiendi kabisa." Alilipa kisogo boksi, kisha akaligeukia tena. "Unacho kifutio?"

"Kifutio?"

"Cha penseli, mwanangu, unachofutia unapochora vipimo. Na ule utepe wako wa gundi, wa pande mbili. Usinitazame hivyo, nenda!"

Alikwenda mbio, akaangusha mkebe wa ndoano, hazikuokotwa. Aliporudi, boksi lilikuwa wazi juu ya meza ya sebuleni na mtu wa vifurushi, bila kuvua helmeti, alikuwa anachomeka nyaya kwa maelekezo ya mzee. "Si hapo. Pembeni yake. Wewe hukuwahi kucheza gemu utotoni?" Fundi Pazia alikata kipande cha kifutio, akakibandika juu ya kitufe chekundu.

"Chembamba. Kata kingine."

Akakata kingine.

"Kinene zaidi. Kidole kimeishia hapa, unaona? Kiinue kitufe mpaka kikiguse kidole."

Mtu wa vifurushi alitazama simu yake, akatazama mlango, akatazama televisheni. "Jamani, nimwambie nini mwenye mali? Mzigo unarudi au haurudi?"

"Mwambie mzigo umefika," alisema mzee.

Aliupanga mkono wake kwenye padi. Kidole gumba kikakaa juu ya kile kifutio, na safari hii hakutazama kioo. Alitazama kidole. Jamaa mwenye ndoo akakimbia, akafika kwenye shimo, akaingia. Akaanza upya, akaingia. Kifutio kiliteleza, binti akakibandika upya kwa kukibana kwa kucha. Jasho lilikuwa limemlowa mzee mpaka kwenye kola, na pumzi zilikuwa zinamtoka kwa mdomo kama aliyepanda ngazi. Akaingia tena. Fundi Pazia alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kusema, ya kweli lakini yasiyoumiza, na hakuwa ameyapata. Akaingia tena.

Kisha jamaa akaruka.

Aliruka vibaya, amechelewa, nusura agonge ukingo, lakini akatua upande wa pili na ndoo yake kichwani. Akasimama pale akisubiri aambiwe la kufanya. Mtu wa vifurushi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye glovu. Fundi Pazia alisogea mbele ya televisheni bila kujijua, akajaribu kusema baba, akashindwa, akabaki amesimama analia kwa sauti mbele ya watu, mikono kichwani, mwanamke mzima.

"Wewe," alisema Mzee Gemu, akinyoosha shingo kushoto na kulia, macho makali, na kidole gumba bado kiko mahali pake. "Toka hapo mbele. Unaziba picha."